Pazia la Mzee Nasiri

Mapenzi ni kikohozi, wanasema watu wa mtaa wa Biryogo, hapa Kigali, hayafichiki. Haya, na waje wamuulize Shakira binti Nasiri. Yeye kikohozi chake alikibana kifuani tangu Ramadhani iliyopita, akila sahani moja na baba yake kila jioni, akicheka, akisimulia habari za kazini, na mzee wa watu asishtuke hata kidogo. Mwanamke akiamua kuficha kitu, jamani, hata mto anaoulilia hautoi ushahidi.

Jumapili moja, mtaa wa Gikondo, alikuwa amekaa kwenye roshani ya ukumbi, mbele ya mitambo ya taa, maana kazi yake ni fundi wa taa za maonyesho. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala. Madirisha yake walikuwa wameyaziba kwa vitambaa vizito tangu asubuhi, kwa hiyo nje jua la alasiri liliwaka juu ya magereji na mabati, na ndani kulikuwa giza la kupapasa. Kwaya moja kongwe ya mtaa ule ilikuwa inaadhimisha miaka hamsini, na wazee wake walikuwa wameomba jambo moja tu: wimbo wa kwanza ukianza, pazia jeusi la mbele lianguke lote kwa mara moja, waonekane wamesimama chini ya anga lenye nyota.

Pazia lile la mbele na anga lile la nyuma, yote mawili aliyashona baba yake.

Mzee Nasiri ni fundi cherehani, mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja zamani kutoka pwani na majora ya nguo akaoa huku huku. Ni mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono, na mtaa mzima unamjua. Bayingana, mkuu wa kazi wa akina Shakira, alikuwa amelitafuta pazia la nyota Kigali yote akalikosa, Shakira akamwambia atatengenezewa. Basi jioni baada ya jioni baba na binti walikaa barazani, mzee akishona kitambaa, binti akipitisha kwa nyuma waya nyembamba zenye vitaa vidogo, kila kitaa kikichungulia kwenye tundu lake. Lilipokwisha wakaliwasha. Mzee akalitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akaenda kuwaita majirani. Tangu mkewe alipofariki, Shakira hakuwahi kumwona na furaha kama ile.

Sasa tumwangalie mtu wa chini. Katikati ya ukumbi, nyuma ya mikisa, ile mitambo ya kuchanganyia sauti, alikuwa amekaa Shema, fundi wa sauti. Kutoka roshani Shakira aliona kisogo chake tu, na ule mkono wa kushoto aliozoea kuulaza juu ya mitambo kama anayemtuliza mtoto. Kisogo kile alikijua vizuri mno. Sauti yake aliijua zaidi, kwa sababu mafundi wa maonyesho husemezana kwa hedseti masikioni, na hizo hedseti zao zilikuwa na laini mbili. Laini ya kwanza ilikuwa ya wote: Bayingana akiamuru, mwenye jenereta akijibu, mwenye kamba akingoja. Laini ya pili ilikuwa ya taa na sauti peke yao, waulizane mambo yao bila kuwasumbua wengine. Humo ndimo walimopendana. Walianza kwa kuulizana wimbo unaofuata, wakaja kuulizana kama wamekula, na mwisho wakafika pale ambapo mtu anamuuliza mwenzake anawaza nini, gizani, katikati ya watu elfu wanaoshangilia kitu kingine.

Ramadhani iliyopita Shema alijikaza akaenda Biryogo kuposa. Kosa lake la kwanza, alikwenda peke yake, bila mjomba wala rafiki, kana kwamba amekwenda kupima suruali. Wazazi wake walilelewa Uganda, nyumbani kwao ni Kinyarwanda na Kiingereza, na Kiswahili chake chote alikuwa amefundishwa na Shakira sikioni. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mzee alipomweleza kwa upole kwamba wao ni Waislamu na yeye ni Mkristo, Shema alijibu upesi kwamba hilo si tatizo, yeye atasilimu hata kesho.

Mzee Nasiri alisimamisha cherehani. Shakira alikuwa ndani nyuma ya mlango, na maneno yale aliyasikia yote.

"Kijana," alisema mzee, "mtu anayeiacha dini ya mama yake kwa siku moja, binti yangu atamwacha kwa siku ngapi?"

Shema aliaga kwa adabu akaondoka, na tangu siku hiyo mzee hakulitaja jina lake. Akilazimika kumtaja alisema yule wa spika. Huko kwa akina Shema nako hakukuwa na nafuu. Mama yake, Mama Connie, mwimbaji wa kwaya hii hii ya leo, aliposikia kijana wake alikuwa tayari kubadili dini kwa ajili ya msichana, alikataa kula siku nzima. Wakakubaliana wao wawili, Shakira na Shema, waachane kabla hawajawavunja wazee. Simu zikakoma. Ikabaki kazi, na kazi ndiyo hiyo, kila wikendi sauti ya mmoja imo sikioni mwa mwenzake.

Mzee Nasiri hakutakiwa kuwepo ukumbini siku ile. Alikuja mchana kushona pindo lililochanika, akaswali alasiri nyuma ya makasha ya vyombo juu ya kipande cha pazia kilichobaki, na Shakira kutoka juu aliona jinsi Shema, bila kuambiwa na mtu, alivyouzima muziki wa majaribio mpaka mzee alipotoa salamu. Mzee alikunja kile kipande, akajipangusa magoti, akataka kwenda zake. Lakini umeme wa mtaa ulikuwa unacheza, na Kubwimana, mwenye jenereta aliyepangiwa siku ile na kazi ya kamba, ikabidi akae nje na jenereta lake. Bayingana akabaki anatafuta mtu wa kuvuta. Pazia jeusi la mbele lilining'inia kwa vitanzi kwenye bomba lenye misumari, na kamba ikivutwa bomba huzunguka, vitanzi vikachomoka vyote pamoja. Ukivuta kwa pupa kona moja inabaki imening'inia, ikawa aibu. Mzee alisema kamba atavuta yeye, pazia ni lake.

Shakira alishuka mbio kumvika hedseti ya akiba. Alimvua kofia, akamvalisha, akairudisha kofia juu yake, mzee akilalamika kwamba anafanywa rubani. Akamfunga kiunoni kile kidude cha betri. Akamwelekeza kwamba atasikia neno jiandae, halafu atasikia neno vuta, na asiseme kitu, asikilize tu. Na kwa kuwa alimjua baba yake, mtu wa kukohoa na kusoma dua kwa sauti, alibandika selotepu nyeusi juu ya kitufe cha kusemea ili kisije kikabonyezwa kwa bahati mbaya. Alifanya kazi safi. Jambo moja tu lilimponyoka kwa haraka ile. Hedseti ya akiba ilikuwa ya Bayingana, na Bayingana, kama mkuu yeyote anayependa kujua mambo ya watu wake, alikuwa ameiacha swichi yake ikisikiliza laini zote mbili.

Watu walijaa. Wanakwaya wakapanga mistari yao kimya nyuma ya pazia. Shakira alikuwa amerudi roshani, kidole kikiwa juu ya mitambo, ndipo sauti ya Shema ikaja.

"Shakira. Njoo laini ya pili."

Kwa muda mrefu laini ya pili walikuwa wakiitumia kwa mambo ya kazi tu, na kazi haisemwi kwa sauti ile. Alibonyeza.

"Niko."

Kisogo cha Shema kule chini hakikugeuka.

"Leo ni mwisho wangu hapa," alisema. "Nimepata kazi Masoro, kwa kiwanda kimoja cha kule. Nitakuwa natengeneza mashine zao. Naanza wiki ijayo. Bayingana peke yake ndiye anajua."

Shakira alitaka kumpongeza, ndivyo watu wastaarabu wanavyofanya. Mdomo ulikataa. Alichoweza kusema ni kwamba Masoro si mbali.

"Masoro si mbali," Shema alikubali. "Lakini Masoro hakuna hedseti. Shakira, mimi nimeweza kutokuja kwenu. Nimeweza kutopiga simu, vile tulikubaliana. Lakini kila wikendi sauti yako iko hapa ndani ya sikio, unaniambia jiandae, unaniambia nenda. Nikifika nyumbani bado inasema. Mtu hawezi kupona hivyo."

"Kwa hiyo unanikimbia."

"Nikimbie nini? Wewe ndiye ulisema tuachane."

"Tulisema wote wawili."

"Wewe ulisema. Mimi nilisema sawa."

Hapo Shakira alikasirika kweli kweli, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli. Alimwambia kwa ukali kwamba kusema sawa ni rahisi, kwamba yeye ndiye aliyekwenda barazani kwao mikono mitupu akajibu maneno ya kitoto mbele ya mtu mzima, akaharibu. Shema hakujitetea. Hasira ikamwisha Shakira yote, akabaki na kilichokuwa chini yake.

"Nikisema kaa, utakaa?" aliuliza taratibu.

"Nitakaa."

"Ndiyo maana siwezi kusema." Alifumba macho. "Unajua, Mama alipofariki nilikuwa mdogo. Shangazi zangu wakataka wanichukue, Baba akakataa. Nywele zangu alinisuka yeye mwenyewe. Mwanamume mzima, fundi, anakaa barazani anasuka nywele za mtoto, wanaume wenzake wanapita wanamcheka, na yeye ananiambia nitulie, nisigeuze kichwa. Huyo mtu siwezi kumwacha mlangoni akinitazama naondoka na mume asiyemtaka. Siwezi, Shema. Lakini usidhani nimekusahau. Yeye ndiye anadhani hivyo. Kila jioni ananiuliza kazi ilikuwaje, namtajia watu wote, wewe nakuruka. Nakupenda vile vile, tena nimechoka kukupenda kimya kimya, nimekuwa mwongo hodari nyumbani kwa baba yangu."

Chini, mkono wa kushoto wa Shema uliondoka kwenye mitambo ukaenda usoni, ukakaa huko.

"Basi nisaidie uongo mmoja wa mwisho," alisema hatimaye. "Mzee akiuliza, mwambie nimefuata mshahara mzuri. Usimwambie nimeondoka kwa sababu yake. Mzee iko na presha, na si mtu mbaya. Aliniuliza swali zuri. Mimi bado nalifikiria mpaka leo, na sasa ningejibu tofauti, lakini basi, imekwisha pita."

Machozi yalikuwa yanamshuka Shakira mpaka kwenye kile kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo, akaogopa yatakiharibu, akayafuta kwa kiganja. Hata katika kulia, fundi ni fundi.

"Na kitu kingine," Shema aliendelea, sasa kwa sauti ya kazi, kama mtu anayekabidhi funguo. "Pazia la nyota, upande wa kushoto. Ukiona vitaa vinapepesa usilaumu mitambo yako. Waya za upande ule zilikatika, nimeziunganisha upya kwa risasi ya kuchomelea waya, lakini ni viungo vingi. Ukilikunja, usikunje hapo. Nakuambia kwa sababu sitakuwepo."

Shakira alishangaa. Pazia lilitoka Biryogo likiwaka lote, na kuanzia hapo lilikuwa kwenye karakana yao hapa Gikondo. Aliuliza kilichozikata ni nini, kama ni gari.

"Bayingana nilimwambia ni gari."

"Na mimi je?"

Shema alishusha sauti.

"Ni sindano," alisema. "Waya zilitobolewa wakati zinashonwa. Zikakaa siku mbili tatu, halafu zikaanza kukatika moja moja. Macho ya Mzee yamepungua, Shakira, haoni waya ikipita chini ya kitambaa cheusi. Nilibaki karakana nikafumua upande wote nikashona tena. Mshono wangu ni mbaya, utauona. Usimwambie. Anajivunia pazia hili, mtaa mzima umeitwa kulitazama. Acha abaki na furaha yake."

Ndipo Bayingana akaingia laini ya kwanza, akatangaza kwamba ukumbi umejaa na kila mtu awe mahali pake. Shakira aligeukia kile kioo kidogo kando ya mitambo, kinachoonyesha picha ya kamera ya nyuma ya jukwaa, kuhakikisha mwenye kamba yuko tayari.

Baba yake alikuwa amesimama kwenye mwanga wa samawati, kamba imezungushwa mkono mmoja. Ule mkono mwingine alikuwa ameunyanyua karibu na uso. Alikuwa anavitazama vidole vyake. Alivitazama kimoja baada ya kingine, akavisogeza karibu na macho, akavisogeza mbali, akavisogeza tena karibu. Shakira alidhani amejikata na kamba. Halafu macho yake yakashuka kiunoni kwa mzee, kwenye kile kidude alichokifunga kwa mikono yake mwenyewe, akaona vitaa viwili vya kijani vinawaka, kimoja cha laini ya kwanza, na kimoja cha laini ya pili.

Yule mzee alikuwa amesikia kila neno tangu mwanzo, la kusuka nywele, la uongo wa kila jioni, la presha, la sindano. Amesikia, na asingeweza kusema hata astaghafiru, kwa kuwa bintiye alikuwa amemfunga mdomo kwa selotepu.

Na kazi haingoji. Mpiga kinanda alikuwa ameshaanza. Bayingana akasema pazia ni la Shakira sasa, amri aitoe mwenyewe. Shakira akabonyeza laini ya kwanza, sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine.

"Baba. Jiandae."

Kwenye kioo mzee alishusha mkono. Akaishika kamba kwa mikono yote miwili. Hakuangalia kamera, ingawa alijua ilipo.

"Vuta."

Hakuvuta. Kinanda kilifika mahali pake kikapapita, Bayingana akaanza kuuliza kulikoni, na Shakira akaona mabega ya baba yake yakipanda na kushuka, pumzi moja ndefu. Alijua kwamba mzee akiiachia kamba ile akaondoka, yeye binti hatakuwa na neno la kumwambia, leo wala siku nyingine. Kisha Mzee Nasiri akavuta, taratibu, vile mtu anavyovuta uzi mrefu bila kuukata. Bomba likazunguka. Vitanzi vyote vikachomoka kwa pamoja, na pazia jeusi likashuka chini bila kona hata moja kubaki.

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Wazee wa kwaya walisimama kwenye mavazi yao meupe, nyuma yao nyota zinawaka toka ukuta hadi ukuta, upande wa kushoto kama upande wa kulia. Mstari wa mbele mwanamke mmoja mwenye miwani alikuwa analia kabla hata ya kufungua mdomo. Shema akapandisha sauti zao polepole, na wimbo ukajaa lile ghala la zamani mpaka kwenye mabati.

Shakira alifanya kazi yake yote kwa wimbo ule bila kuuona. Ulipokwisha, watu wakiwa wamesimama wanapiga makofi, alisikia sikioni mkwaruzo wa ajabu, krrr, kama kitambaa kinachofumuliwa. Akatazama kioo. Baba yake alikuwa ametoa mkasi wake mdogo mfukoni mwa kanzu na alikuwa anaibandua ile selotepu, bila haraka. Akabonyeza.

"Shakira, hiki kitu kinasikika?"

"Kinasikika, Baba." Kisha akakumbuka, akaharakisha. "Baba, ngoja, usiseme. Laini zote mbili ziko wazi, unasikika kwa kila mtu. Bayingana anasikia, Kubwimana huko nje anasikia."

"Na wasikie," alisema Mzee Nasiri. "Maneno ya posa husemwa mbele za watu."

Hata Bayingana, ambaye hanyamazi, alinyamaza.

"Shema," alisema mzee.

Lilikuwa ni jina tu, jina la kijana, watu wanalitamka kila siku. Lakini Shakira alikuwa amelingoja kinywani mwa baba yake tangu Ramadhani, akainamisha kichwa juu ya mitambo akalia waziwazi.

"Naam, Mzee," Shema aliitika.

"Ulikuja kwangu nikakuuliza swali. Swali silirudishi. Bado nataka jibu lake, tena sitaki la haraka. Dini si zawadi ya kumletea baba mkwe. Tutakaa, tutazungumza, na ikichukua mwaka ichukue mwaka. Lakini niliogopa kitu kimoja, namna utakavyomwacha binti yangu siku ukimwacha. Leo nimesikia unavyoacha mtu. Unaacha riziki yako ili yeye apumue, na huku unatafuta uongo wa kunisitiri mimi niliyekufukuza." Mzee alikohoa, na kikohozi kikaenda masikio yote. "Yule mama wa mbele mwenye miwani ndiye aliyekuzaa?"

"Ndiye, Mzee."

"Anafanana nawe akilia. Mwambie nitakuja kwake, mimi na kaka yangu. Najua desturi, upande wa mume ndio unaobisha hodi. Lakini mlango niliufunga mimi, sasa mimi ndiye nitabisha. Akikataa kunifungulia nitarudi siku nyingine."

Kule chini kisogo kile kiligeuka. Kwa mara ya kwanza siku ile Shema alitazama juu roshani, na Shakira akamtazama. Walikuwa mbali, na giza lilikuwa jingi, na uso wake aliuona nusu tu kwa mwanga wa mitambo. Hakupunga mkono wala hakutabasamu. Alimtazama tu, kama anayetaka kuhakikisha kwamba na yeye amesikia.

Kutoka nje, kwenye ngurumo za jenereta, sauti ya Kubwimana ilisema amina.

"Shakira," Bayingana alisema kwa upole usio wake, "wimbo wa pili, mama."

Alijipangusa, akatafuta kitufe, akakipata. Nyota zikafifia pamoja, tayari kwa wimbo mpya. Mzee Nasiri alikuwa bado amebonyeza, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuachia.

"Na Masoro?" Shema aliuliza, kama mtoto. "Mzee, niende au nisiende?"

"Hilo ni lako na huyo aliyeko juu, mtaulizana wenyewe kwa hiyo laini yenu. Mimi nina shida nyingine." Kwenye kioo Shakira alimwona ameunyanyua tena mkono wake mbele ya macho, vidole vimetanuka, anavitafuta kwenye mwanga ule hafifu. "Kesho uje barazani, mwanangu, kukiwa bado na jua. Unionyeshe waya zinapita wapi, nisizitoboe tena."